Ramani inaonyesha ukijani unaongezeka, wafugaji wanasema malisho yanaharibika: picha za setilaiti zisomwe vipi?

Mlinzi wa Nyika aliuliza:

Salaam wanajukwaa.

Nimekabidhiwa kazi ya kuandaa tathmini ya hali ya uoto katika eneo kubwa la malisho lililo nusu kame, ambalo hupata mvua ya wastani wa milimita 300 hadi 450 kwa mwaka na ambalo nyasi zake hutegemewa na mifugo pamoja na wanyamapori. Nimekusanya picha za Landsat, setilaiti za Marekani za kuchunguza ardhi, kuanzia mwaka 2000 hadi sasa, nikakokotoa fahirisi ya uoto ya NDVI (kipimo cha ukijani wa mimea) kwa kila picha, kisha kwa kila pikseli (mraba mdogo unaounda picha) nikachukua thamani ya juu kabisa ya kila mwaka na kuutafuta mwelekeo wake kwa njia ya Theil-Sen, njia ya takwimu isiyoyumbishwa na miaka michache isiyo ya kawaida. Matokeo yanaonyesha kwamba sehemu kubwa ya eneo hilo ina ukijani unaopanda.

Tatizo ni kwamba watu wanaoishi na ardhi hiyo wanasema kinyume. Wazee wa ufugaji wanaeleza kwamba nyasi za kudumu walizozizoea zimepungua, kwamba zinazoota sasa hukauka upesi na kupeperushwa, kwamba udongo umekuwa mgumu hata maji ya mvua hutiririka badala ya kuzama, na kwamba mifugo hutembea mbali zaidi kutafuta lishe. Siwezi kuyapuuza maneno yao, kwa sababu wanayataja maeneo hayo moja baada ya jingine, na ninapoyatafuta kwenye ramani yangu mengi nayakuta yamepakwa rangi ya kijani.

Tathmini hii itatumika kuamua ni wapi malisho yapumzishwe na ni wapi fedha za ukarabati zipelekwe. Nikiwasilisha ramani kama ilivyo, nahofia watoa uamuzi watasema ardhi inajiponya yenyewe, na wale wenye shida kubwa zaidi ndio watakaokosa msaada. Nikiificha ramani, nitakuwa nimeficha ushahidi. Sitaki kufanya lolote kati ya hayo mawili.

Naomba msaada wenu katika mambo haya. Je, NDVI inafaa kweli kwa ardhi ambayo udongo mtupu ni mwingi kuliko mimea? Nitatenganishaje athari ya mvua na hali ya ardhi yenyewe? Je, ipo njia ya kujua kama ukijani ninaouona ni wa nyasi au wa vichaka? Jambo la mwisho, ambalo huenda ni dogo: nilipojaribu kulinganisha na picha za Sentinel-2, setilaiti za Ulaya, ukijani ulishuka ghafla mwanzoni mwa 2022 katika eneo lote, hata penye miamba, na tangu hapo haukurudi.

Msomaji wa Picha alijibu:

Ndugu Mlinzi wa Nyika, nianze na hilo uliloliita dogo, kwa kuwa ni jepesi kutatua na lina madhara makubwa likiachwa. Tarehe 25 Januari 2022 Shirika la Anga za Juu la Ulaya lilibadili namna ya kuhifadhi thamani za picha za Sentinel-2, ambapo kila thamani iliongezewa 1000 ili zile ndogo sana zisikatwe zinapofika sifuri. Kwa hiyo, kwa picha za tangu tarehe hiyo, unapaswa kutoa 1000 kwanza ndipo ugawanye kwa 10,000 kupata uakisi, yaani sehemu ya mwanga ambayo ardhi huirudisha. Chukua pikseli yenye uakisi wa 0.15 katika bendi (ukanda wa mwanga) nyekundu na 0.30 katika bendi ya infraredi ya karibu, mwanga usioonekana kwa macho: NDVI yake, yaani tofauti ya hizo mbili ikigawanywa kwa jumla yake, ni 0.33. Usipoitoa ile nyongeza, utasoma 0.25 na 0.40, na NDVI itakuwa 0.23. Hakuna mmea uliokufa hapo. Ni hesabu tu. Katika Google Earth Engine, jukwaa la mtandaoni la kuchakata picha za setilaiti, upo mkusanyo wa Sentinel-2 uliokwisha kusawazishwa, na ni vyema kuutumia huo. Landsat nayo, katika mkusanyo wake wa pili, ina kanuni yake: thamani ya uakisi wa ardhini huzidishwa kwa 0.0000275 kisha hutolewa 0.2. Hakikisha umefanya hivyo kwa picha zote.

Sasa nije kwenye ukijani wako. Kabla hatujauliza maana yake, lazima tuulize kama kweli upo, na hapa nina mashaka na njia uliyotumia. Umechukua thamani ya juu kabisa ya kila mwaka. Kilele cha ukijani katika nchi kavu hudumu kwa wiki chache tu baada ya mvua, na setilaiti hukinasa ikiwa tu ilipita siku isiyo na mawingu ndani ya wiki hizo. Kadiri picha safi zinavyokuwa nyingi katika mwaka, ndivyo uwezekano wa kukinasa kilele unavyoongezeka, hata kama uoto haukubadilika kabisa. Itazame basi historia ya Landsat ndani ya kipindi chako. Landsat 7 iliharibika kifaa chake cha kunyoosha mistari ya picha mwishoni mwa Mei 2003, na tangu hapo kila picha ilikosa takriban asilimia 22 ya eneo lake. Landsat 5 ilikoma kupiga picha kwa kihisi chake kikuu mwezi Novemba 2011, hivyo mwaka 2012 ulibaki na Landsat 7 peke yake yenye mistari mitupu. Landsat 8 ilirushwa Februari 2013, na Landsat 9 Septemba 2021. Kila moja hupita mahali pamoja baada ya siku 16, na zikiwa mbili tunapata picha kila siku 8. Miaka ya mwisho ya mfululizo wako ina picha safi nyingi kuliko ile ya katikati, na jambo hilo peke yake linaweza kuuinua mstari wako.

Liko na la pili. Kihisi cha Landsat 8 kina bendi ya infraredi ya karibu iliyo nyembamba kuliko ya Landsat 7, na kwa wastani huleta NDVI iliyo juu kidogo kwa ardhi ileile. Tofauti ni ndogo, lakini katika nyanda kavu mabadiliko tunayoyatafuta nayo ni madogo. Zipo milinganyo iliyochapishwa ya kusawazisha vihisi hivi viwili, na kazi yoyote inayovuka mwaka 2013 inapaswa kuitumia. Pamoja na hayo, badala ya kilele, tumia thamani ya katikati ya msimu au jumla ya ukijani wa msimu mzima baada ya kulainisha mfululizo. Kisha linganisha na MODIS, kihisi kilicho kwenye setilaiti ya Terra, ambayo imepima tangu Februari 2000 kwa kihisi kilekile na hutolewa kila baada ya siku 16. Pikseli zake ni za mita 250, kwa hiyo hutaona maelezo madogo, lakini kama mwelekeo wa Landsat hauonekani kwenye MODIS kwa eneo kubwa, mwelekeo huo una walakini. Kuwa mwangalifu tu na miaka ya karibuni, kwa sababu tangu 2020 Terra hairekebishwi tena ili ipite saa ileile.

Kuhusu udongo: NDVI hutegemea ukweli kwamba klorofili humeza mwanga mwekundu huku muundo wa ndani wa jani ukirudisha infraredi ya karibu kwa wingi. Tofauti ya bendi hizo mbili hugawanywa kwa jumla yake, na jibu hukaa kati ya -1 na 1. Mahali ambapo mimea imefunika sehemu ndogo tu ya ardhi, pikseli yako karibu yote ni udongo, na udongo mtupu wenyewe huwa na NDVI ya takriban 0.1 hadi 0.2 kulingana na rangi, madini na unyevu wake. Kiasi kilekile cha nyasi huonekana cha kijani zaidi kikiwa juu ya udongo mweusi au uliolowa kuliko juu ya mchanga mweupe. Ndiyo sababu mwaka 1988 ilipendekezwa fahirisi ya SAVI, yenye nyongeza ya 0.5 katika kigawanyo ili kupunguza athari ya udongo, na mwaka 1994 ikafuata MSAVI ambayo hujirekebisha kulingana na kiasi cha mimea. Kwa eneo lako ningetumia MSAVI kama kipimo kikuu, na NDVI kwa ajili ya kulinganisha na kazi za wengine.

Mpima Mvua alijibu:

Nakubaliana na Ndugu Msomaji wa Picha kwamba mfululizo usafishwe kwanza. Mimi nitajibu kuhusu mvua.

Katika nchi kavu mvua hutawala ukijani kwa kiwango ambacho anayetazama uoto peke yake mara nyingi huwa anatazama mvua tu. Mwaka 1991 kilichapishwa uchambuzi wa picha za setilaiti uliofuatilia mpaka wa kusini wa Sahara kati ya 1980 na 1990, wakati ambapo imani iliyoenea ilikuwa kwamba jangwa linasonga kusini bila kurudi. Mpaka huo ulisogea kusini hadi mwaka 1984, ambao ulikuwa wa ukame mkali mno katika Saheli, ukanda mkavu ulio kusini mwa Sahara, kisha ukarudi kaskazini, na baadaye ukaendelea kwenda mbele na nyuma kufuata mvua za kila mwaka. Aliyeangalia miaka minne ya mwanzo peke yake angetangaza maafa yasiyo na mwisho, na aliyeanzia 1984 angetangaza uponyaji. Kwa hiyo chunguza mwaka wako wa kuanzia. Ikiwa 2000 ulikuwa mwaka wa ukame katika eneo lako, karibu kila pikseli itaonyesha kupanda.

Njia inayotumika sana ni ya mabaki. Kwa kila pikseli unatafuta mlinganyo wa mstari kati ya mvua ya msimu na ukijani wa msimu, unautumia kukadiria ukijani uliotarajiwa kwa mvua iliyonyesha kila mwaka, kisha unatazama tofauti kati ya uliotarajiwa na uliopimwa. Tofauti hizo zikiwa zinashuka mwaka hadi mwaka, ardhi inatoa mimea michache kwa mvua ileile, na hiyo ni dalili kwamba kitu kingine kinaidhoofisha. Takwimu za mvua za CHIRPS, zinazoanzia 1981 na zenye pikseli za takriban kilomita 5, zinatosha kuanzia, ingawa ukiwa na vituo vya mvua vya ardhini unapaswa kuzihakiki. Usijumlishe mvua ya mwaka wa kalenda. Jumlisha ile inayotangulia kilele cha ukijani, na ujaribu vipindi vya urefu tofauti, kwa sababu vichaka vyenye mizizi mirefu hufuata mvua ya miezi mingi ilhali nyasi hufuata ile ya wiki chache.

Ukimaliza hayo yote, kumbuka pia kwamba hewa yenyewe imebadilika. Kabonidioksidi inapoongezeka mimea hupoteza maji kidogo zaidi kwa kila kiasi cha chakula inachotengeneza, na athari hii huonekana wazi zaidi mahali ambapo maji ndiyo kikwazo. Uchambuzi mmoja wa maeneo yenye joto na ukame duniani kwa miaka ya 1982 hadi 2010 ulikadiria kwamba mfuniko wa majani uliongezeka kwa takriban asilimia 11 baada ya athari ya mvua kuondolewa. Sehemu ya ukijani wako inaweza kuwa imetokana na hilo, bila mtu yeyote kuitunza ardhi vizuri zaidi.

Mwanaikolojia wa Malisho alijibu:

Ndugu wote wawili wamesema kweli, lakini naomba tusimame kwenye swali ambalo wazee wale wamelileta mbele yetu. Hata kama mfululizo utasafishwa ukawa safi kabisa, na mvua ikaondolewa, na ukijani ukabaki unapanda, bado wazee wanaweza kuwa sahihi. Setilaiti inapima ukijani. Wao wanapima lishe, aina za nyasi, na uwezo wa udongo kupokea maji. Hayo ni mambo tofauti, nayo yanaweza kwenda pande tofauti katika ardhi ileile.

Njia iliyo ya kawaida zaidi ya jambo hili kutokea ni vichaka kuchukua nafasi ya nyasi. Malisho yanapotumika kupita kiasi, nyasi za kudumu hukosa nafasi ya kujijenga upya, moto hukosa nyasi za kuunguza, na miche ya vichaka ambayo zamani ingeungua au kushindwa na nyasi sasa hukua. Vichaka hukaa na majani kwa miezi mingi, hivyo jumla ya ukijani wa mwaka huongezeka, huku chini yake kukibaki udongo mtupu. Mti wa Prosopis juliflora, uliopandwa katika nchi nyingi kavu ili kuzuia mchanga na kutoa kuni, umeenea kwa kasi ukaziba malisho na njia za maji, na kwenye ramani ya NDVI huonekana kama habari njema. Katikati ya Senegali, ambako setilaiti zilionyesha ukijani ukirudi baada ya ukame wa miaka ya 1970 na 1980, uchunguzi wa ardhini ulikuta aina za miti zimepungua na vichaka vinavyostahimili ukame vimeongezeka. Ukijani ulikuwa wa kweli na umaskini wa uoto nao ulikuwa wa kweli.

Unauliza kama inawezekana kutenganisha nyasi na vichaka. Inawezekana kwa kiasi, na ufunguo ni majira. Nyasi huota ndani ya wiki chache baada ya mvua na kukauka upesi mvua inapokoma. Miti na vichaka vingi huanza kutoa majani mapema na kuyabakisha muda mrefu. Kwa hiyo ukijani wa katikati ya kiangazi, nyasi zikiwa zimekauka zote, karibu wote ni wa mimea ya miti. Chora mwelekeo wa ukijani wa kiangazi peke yake, kisha chora mwelekeo wa ile nyongeza inayotokea kati ya kiangazi na kilele cha mvua. Ikiwa wa kwanza unapanda na wa pili unashuka, wazee wako wamepata shahidi wa angani. Tahadhari yangu ni kwamba baadhi ya miti ya nyika hupukutisha majani yote wakati wa kiangazi, nayo njia hii haitaiona. Hapo rada ya Sentinel-1, ambayo ina picha tangu 2014 na ambayo huathiriwa na matawi na umbo la mmea zaidi kuliko rangi ya majani, husaidia. Picha kali sana zenye pikseli chini ya mita moja nazo zimefungua mlango mpya: mwaka 2020 watafiti walitumia picha za aina hiyo na kompyuta iliyofunzwa kutambua kivuli na taji la mti, wakahesabu zaidi ya miti bilioni 1.8, mmoja mmoja, katika sehemu ya Afrika Magharibi ya Sahara, Saheli na ukanda unaopakana nayo. Ni kazi kubwa kuliko uwezo wa wengi wetu, lakini kwa maeneo machache ya mfano unaweza kuvihesabu vichaka kwa macho kwenye picha za zamani na za sasa.

Kitu cha pili ambacho NDVI hakioni kabisa ni nyasi kavu, na hili linaniuma kwa sababu ndilo linaloamua kama mifugo itavuka kiangazi. Nyasi iliyosimama ikiwa imekauka haina klorofili, kwa hiyo kwa NDVI inafanana na udongo. Lakini ndiyo akiba ya chakula, na ndiyo inayoushika udongo upepo unapovuma na kuyavunja nguvu matone ya mvua ya kwanza. Sehemu mbili zinaweza kuwa na NDVI ileile mwezi wa mwisho wa kiangazi, moja ikiwa na nyasi kavu zinazofunika nusu ya ardhi na nyingine ikiwa uwanja mtupu. Selulosi ya nyasi kavu humeza mwanga karibu na mawimbi ya nanomita 2100, na ingawa Landsat na Sentinel-2 hazina bendi nyembamba mahali hapo hasa, bendi zao za infraredi ya mawimbi mafupi hubeba dalili ya kutosha kukadiria sehemu tatu za kila pikseli: mimea mibichi, mimea mikavu na udongo mtupu. Australia huchapisha ramani za namna hii mara kwa mara kwa ajili ya nyanda zake za malisho. Kwa maoni yangu, kama ungeruhusiwa kupima kitu kimoja tu, ungepima udongo mtupu mwishoni mwa kiangazi, na kuiacha NDVI ya kilele kwa ajili ya kiambatisho.

Niseme pia neno kuhusu ile njia ya mabaki. Inadai kwamba uhusiano wa mvua na ukijani ulikuwepo na umebaki wa kuaminika. Mahali ambapo ardhi iliharibika zamani, kabla ya 2000, uhusiano unaoupima ni wa ardhi iliyokwisha kuharibika, na mabaki yataonyesha utulivu. Ramani itasema hakuna mabadiliko, nayo itakuwa kweli, lakini msomaji ataelewa kwamba hakuna tatizo. Na mahali ambapo uharibifu umetokea ghafla katikati ya kipindi, mlinganyo mmoja kwa miaka yote huwa haueleweki tena. Tafuta kwanza kama kuna mwaka ambapo uhusiano ulivunjika.

Mpima Mvua alijibu:

Hoja ya Mwanaikolojia kuhusu uharibifu wa zamani ni nzito, nami naikubali. Dawa yake ni kulinganisha mahali na mahali, badala ya mwaka na mwaka. Chukua sehemu zenye udongo wa aina moja, mteremko wa aina moja na mvua ileile, kisha uangalie jinsi uoto unavyobadilika kadiri unavyosogea mbali na kisima au bwawa ambako mifugo hukusanyika. Karibu na maji mfuniko huwa mdogo, na huongezeka kwa umbali. Swali ni nini kinachotokea baada ya msimu wa mvua nyingi. Kama tofauti hiyo inafutika, mifugo ilikuwa imekula tu na ardhi ina uwezo wake. Kama inabaki hata baada ya mvua nzuri kabisa, ardhi iliyo karibu na maji imepoteza uwezo, na unaweza kuonyesha hivyo bila kujua ilipotea mwaka gani. Watafiti wa malisho ya Australia ya kati walitumia njia hii katika miaka ya 1990 kwa picha za Landsat, na bado sijaona iliyo bora kwa mahali pasipo na kumbukumbu za zamani.

Mlinzi wa Nyika aliandika:

Nawashukuru sana, ndugu zangu. Nimeanza kurudia hesabu kwa MSAVI na kwa kutenga kiangazi, na tayari naona sehemu kadhaa zilizokuwa za kijani zikigawanyika. Ninayo maswali mawili yaliyobaki. Kwanza, wanaopokea tathmini wanataka ilingane na kiashiria cha 15.3.1 cha Malengo ya Maendeleo Endelevu, ambacho hutazama mfuniko wa ardhi, tija ya ardhi na hifadhi ya kaboni. Je, ukijani wa vichaka hautahesabiwa humo kama tija iliyoongezeka? Pili, nina nafasi ya kwenda uwandani kwa muda mfupi pamoja na timu ndogo. Nipime nini, na wapi?

Mwanaikolojia wa Malisho alijibu:

Kwa swali la kwanza: ndiyo, ukiiacha hesabu iende yenyewe, itahesabiwa hivyo. Lakini mwongozo wa kiashiria hicho chini ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Kupambana na Kuenea kwa Jangwa unawaruhusu wanaotoa taarifa kubainisha maeneo ambayo data inaonyesha kuboreka ilhali hali halisi ni kinyume, na uvamizi wa vichaka ndio mfano unaojulikana zaidi. Tumia nafasi hiyo, na uambatanishe ushahidi wa uwandani. Kumbuka pia kwamba katika kiashiria hicho, sehemu moja kati ya tatu ikishuka, eneo zima huhesabiwa kuwa limeharibika, kwa hiyo usizichanganye sehemu hizo kabla ya kuzitazama kila moja peke yake.

Mtembea Nyikani alijibu:

Nimekuwa nikifuatilia mjadala huu kimya, na kwa kuwa kazi yangu ni vipimo vya uwandani, naomba kulijibu swali la pili.

Usichague mahali kwa urahisi wa barabara. Kando ya barabara uoto si wa kawaida, kwa sababu maji hukusanyika pale na mifugo hupita pale. Gawanya ramani yako katika makundi manne: mahali ambapo setilaiti na wazee wanasema ardhi imeboreka, ambapo wote wanasema imeharibika, ambapo setilaiti inasema imeboreka na wazee wanakataa, na kinyume chake. Peleka juhudi zaidi katika makundi mawili ya kutokubaliana, lakini usiyaache yale ya makubaliano, kwa sababu bila hayo hutajua kama kipimo chako kinafanya kazi. Wazee waulizwe kuhusu kila mahali kabla hawajaonyeshwa ramani. Wakiiona kwanza, wengine kwa adabu wataikubali, na ushahidi wao utakuwa umepotea.

Kila kituo cha vipimo kiwe na ukubwa wa angalau mita 100 kwa 100 ndani ya sehemu inayofanana, ili kituo kichukue takriban eneo la pikseli tisa za Landsat na kosa dogo la mahali lisikuharibie ulinganisho. Tembea mistari kadhaa inayokatiza kituo, na kila baada ya hatua moja au mbili tazama kitu kimoja tu kilicho kwenye ncha ya kiatu: jani bichi la nyasi, nyasi kavu, takataka za majani, kichaka, jiwe, au udongo mtupu. Andika na jina la nyasi kwa lugha ya wenyeji, ukisaidiwa na mmoja wa wazee, kwa sababu mgawanyo wa nyasi za kudumu na za msimu mmoja ndio hasa setilaiti haiwezi kukupa. Nukta 200 hadi 300 kwa kituo zinatosha kukadiria mfuniko kwa uhakika unaofaa, na timu iliyozoea hupata nukta hizo bila kuchoka. Mwagia maji kidogo ndani ya pete ya bati iliyokandamizwa ardhini na upime muda yanaochukua kuzama. Hapo ndipo dai la wazee kwamba udongo umekuwa mgumu litakapopata tarakimu. Piga picha ya kila kituo kutoka mahali palepale na kuelekea upande uleule, ili atakayekuja baada yako aweze kuirudia.

Kuhusu wakati, kama safari ni moja tu, nenda mwishoni mwa kiangazi, ndani ya siku chache za kupita kwa Sentinel-2 au Landsat, ambazo ratiba zake zinajulikana mapema. Nyasi zitakuwa kavu na majina yake yatakuwa magumu kutambua, ndiyo maana mzee anayezijua kwa shina na mizizi ni muhimu kuliko kitabu. Lakini udongo mtupu utauona wote, na vipimo vyako vitaweza kuwekwa moja kwa moja kando ya ile ramani ya mimea mibichi, mimea mikavu na udongo ambayo Mwanaikolojia ameieleza. Ukipata nafasi ya pili, irudie kwenye vituo vilevile katika kilele cha mvua, kwa ajili ya nyasi zenyewe.